Kabla Hatujapiga Kura: Movi Bora za 2010 hadi 2019

Hotuba ya kufungua mjadala wa wapenzi wa filamu, jijini Mbeya

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, kaka na dada zangu wa vyuoni, na nyinyi madereva mlioacha malori Uyole mkapanda bajaji kuja huku: asanteni kwa kuja. Mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Tukuyu na Kyela, mugonile. Wa Tunduma nawaona mmekaa karibu na mlango. Najua mnawahi mpaka, lakini leo mlango tumeufunga kwa sababu ya baridi, hamna pa kukimbilia.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, njoo utuchokozee mjadala." Hakusema nije kuufunga. Kwa hiyo nitachokoza, halafu nitakaa, karatasi zitagawiwa, na mtaendelea kurushiana maneno kama mlivyozoea.

Kwa msionifahamu, mimi ni mtu wa mabanda. Nimeendesha banda la video Mwanjelwa tangu enzi za deki na kaseti, nikapita kwenye CD, nikaja kumalizia na flashi na projekta. Mabenchi ya mbao, turubai jeusi dirishani, jenereta nje. Nyinyi mliliita kibanda umiza, na kweli mliumia. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma, karibu na mlango, kwa hiyo picha nyingi nimeziona juu ya migongo ya watu. Nikajifunza kuisoma migongo. Movi ikipoa, mabega yanashuka, huyu anatoa simu, yule anatoka kwenda kununua karanga na harudi. Movi ikikaza, benchi zima linainama mbele kwa pamoja kama limevutwa kamba, na hata mwenye kikohozi anakimeza.

Nililokuja nalo ni moja, na nalisema mapema ili anayetaka kunipinga aanze kujipanga. Mtu anayetutajia movi bora za miaka kumi bila kutuambia alikaa wapi alipoziona, ametupa nusu ya habari. Alikuwa bandani au sebuleni kwa shangazi? Ilikuwa imetafsiriwa au ilikuwa na maandishi ya chini? Aliiona yote, au umeme ulikatika ikiwa imebaki robo na akahadithiwa mwisho kesho yake na mtu muongo? Hayo yote yanaingia kwenye hukumu, tupende tusipende. Leo sitaki tuyafiche.

Kwanza tumalize la mipaka, maana najua litatula usiku mzima. Tumekubaliana movi zilizotoka kuanzia Januari 2010 hadi Desemba 2019. Kuna mwalimu hapa wa hesabu ameshaanza kunong'ona kwamba muongo sahihi ni 2011 hadi 2020. Mwalimu, uko sahihi, na hatutakufuata. Watu wanakumbuka miaka kwa tarakimu yake ya tatu, basi.

Tunahesabu mwaka movi ilipotoka kwao, si mwaka ilipofika Mbeya. Nalisema hili kwa masikitiko, kwa sababu linawakata watu wengi humu. 3 Idiots, ile ya Aamir Khan na wenzake wa chuo cha uhandisi, ilitoka tarehe 25 Desemba 2009. Siku ya Krismasi! Imekosa mlango kwa wiki moja. Najua kuna wanafunzi wa uhandisi humu ambao wamekuja kwa ajili ya movi hiyo tu, na wengine huku kwetu waliiona 2012 kwa mara ya kwanza, kwao ni movi ya muongo huu kabisa. Avatar nayo hivyo hivyo, Desemba 2009. Nimeombwa na watu wenye heshima zao niilegeze sheria. Nimekataa. Tukiilegeza kwa wiki moja, kesho mtu ataniletea Titanic ya 1997 aseme kwao Chunya iliwafikia imechelewa.

(Kicheko. Sauti kutoka nyuma: "Ilichelewa kweli!")

Unaona? Nilijua.

Sasa, watu wanaoheshimiwa duniani kwa kazi hii ya kupanga movi ni Waingereza wa jarida la Sight and Sound. Wao huuliza wataalamu kila baada ya miaka kumi, tangu 1952. Mwaka ule wa kwanza walichagua picha ya Kiitalia, Bicycle Thieves, ya mtu aliyeibiwa baiskeli ambayo ndiyo mkate wake. Kuanzia 1962 hadi 2002, kura tano mfululizo, alikaa Citizen Kane wa Orson Welles, hakuna wa kumgusa. Watu wakazoea, wakadhani imeandikwa kwenye jiwe. Mwaka 2012 akang'olewa na Vertigo wa Hitchcock, picha ya 1958. Kisha 2022 ikapanda juu picha ya mama wa Kibelgiji, Chantal Akerman, aliyoipiga akiwa na miaka 25: Jeanne Dielman, ya 1975. Ni zaidi ya saa tatu za mwanamke anamenya viazi, anatandika kitanda, anapika, anaoga, na kuna jambo linapikika humo ndani polepole.

Nawaambia ukweli wangu: picha hiyo ningeiweka Mwanjelwa, saa ya kwanza wangedai hela yao. Saa ya pili wangechukua mabenchi.

Lakini hebu tazameni kilichotokea. Movi zote hizo nne zilikuwepo tangu zamani, hakuna iliyobadilika hata sekunde. Waliobadilika ni wapiga kura. Mwaka 2022 waliitwa watu zaidi ya 1,600, wakiwemo wanawake wengi kuliko zamani na watu wa mabara mengine. Ndiyo kura ile ile iliyomkumbuka Msenegali Djibril Diop Mambéty na Touki Bouki yake ya 1973, na Ousmane Sembène na Black Girl ya 1966. Kwa hiyo wakubwa wenyewe wametuthibitishia: ukibadilisha waliokaa kwenye benchi, namba moja inabadilika.

Nikiwa nje kabla hatujaanza, dada mmoja wa chuo alinisimamisha. Akaniambia, "Kaka, samahani, nimesikia wewe ndiye utafungua. Mimi kwenye banda lako ningekaa wapi?" Nikamwambia, "Popote, dada, ni kiingilio tu." Akacheka. "Popote katikati ya wanaume sitini gizani, saa mbili usiku Mwanjelwa? Kaka, wewe una dada?" Nikanyamaza, maana ninao wanne.

Ana hoja na nataka tuisikie wote. Mabanda yetu yalikuwa ya wanaume. Wenye mabanda tulichagua ngumi, risasi na magari kwa sababu wateja ndio hao, na wateja walikuwa hao kwa sababu tulichagua ngumi, risasi na magari. Dada zetu movi zao waliziona kwingine: sebuleni, bwenini kwenye laptopu moja wakiwa saba, na zaidi ya yote saluni. Nendeni pale Kabwe saluni yoyote, mtu anasukwa rasta kwa muda wa saa tano, televisheni iko ukutani, anamaliza movi mbili na nusu kichwa hakijaisha. Yule mtazamaji ni mvumilivu kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Hawezi kutoka! Movi ya taratibu ambayo bandani ingekufa, saluni inapewa nafasi yake yote na inajadiliwa na watu wanne na msusi. Orodha ya bandani na orodha ya saluni zikikutana leo kwenye sanduku moja, nataka zigongane kwa sauti.

Jambo lingine la mahali ulipokaa ni sauti uliyoisikia. Nusu ya movi tunazozipenda tulizisikia kwa Kiswahili cha mtu mwingine kabisa. Wazee wanamkumbuka Lufufu. Vijana mnamjua DJ Mack na wenzake. Mtu anakaa na maiki, anamwita steringi jina la mtaani, anampa adui ukoo, anaweka utani wa bei ya sukari katikati ya mapambano ya Hong Kong. Wasomi wengine wanawadharau. Mimi siwadharau hata kidogo. Januari 2020, Bong Joon-ho wa Korea alipopewa tuzo ya Golden Globe aliwaambia Wamarekani kwamba maandishi ya chini ni kizuizi cha inchi moja tu, wakikivuka watakutana na movi nyingi nzuri. Ndugu zangu, kizuizi hicho mwendesha bajaji wa Mafiati alikivuka zamani mno. Alikuwa anaangalia Wachina, Wakorea, Wahindi na Wanigeria katika jioni moja, na hakuna aliyempa tuzo.

Lakini mtafsiri naye ana gharama yake, na hapa naingia kwenye movi zenyewe.

Get Out, 2017, ya Jordan Peele. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza filamu, Wamarekani walimjua kama mchekeshaji. Aliitengeneza kwa kama dola milioni nne na nusu, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na akapata Oscar ya kuandika. Steringi ni Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda. Kijana mweusi, mpiga picha, anakwenda kutambulishwa ukweni, kwa wazungu wenye nyumba kubwa msituni. Wote wanatabasamu. Wanatabasamu kupita kiasi.

Mwanzoni kabisa, majina yakipita na miti inakimbia nje ya dirisha la gari, kuna wimbo. Sauti za kunong'ona, za kutisha kidogo. Ni Kiswahili. Mtunzi wa muziki, Michael Abels, aliweka Kiswahili makusudi. Wanamwambia ndugu yao awasikilize wahenga na akimbie, ajiokoe. Mtazamaji wa Marekani anasikia sauti za ajabu tu, na steringi hajui lolote. Sisi wa Mbeya, Iringa na Songea tumeshaambiwa kila kitu kabla movi haijafika dakika ya kumi! Tunakaa pale tukijua, tunamwangalia kijana wa watu anapakia begi kwenda kufa.

Sasa gharama ni hii. Kopi niliyoionyesha mwanzo ilikuwa imetafsiriwa, na mtafsiri alikuwa anaongea juu ya wimbo ule. Anatueleza hali ya hewa na barabara. Kiswahili kikafunika Kiswahili. Watu wangu waliokaa mbele yangu siku ile waliona movi nzuri ya kutisha, wakapiga kelele panapostahili, wakampenda yule rafiki mlinzi wa uwanja wa ndege anayekwenda polisi kutoa taarifa wakamcheka. Lile onyo hawakulisikia. Vijana wawili waliokuja kuiangalia tena kwa kopi isiyo na tafsiri walitoka nje wakaniuliza kama ni mimi nimeuweka huo wimbo. Kwa hiyo mtu akiinuka leo akasema Get Out ni movi ya kawaida, nitamuuliza kwanza: wewe uliiona ipi?

Kwangu mimi ni ya pili kwa muongo mzima. Nitawaambia ya kwanza, tulieni.

Mad Max: Fury Road, 2015. Najua madereva mnaisubiri. Mzee George Miller, Mwaustralia, alikuwa daktari kabla ya kuingia kwenye filamu. Alitaka kupiga picha kwenye jangwa la kwao, mvua ikanyesha isivyo kawaida, jangwa likaota maua, ikabidi ahamishie kila kitu Namibia. Kwa hiyo lile jangwa mnaloliona ni la Afrika, la jirani zetu wa kusini. Picha zilizopigwa zilikuwa zaidi ya saa 400, akampa mke wake, Margaret Sixel, azikate. Mama yule hakuwahi kuhariri movi ya mapigano. Akapata Oscar, moja ya sita walizopata. Ukitaka kujua kwa nini katikati ya vumbi lote lile hupotezi macho, jibu moja ni mikono yake, na lingine ni kwamba jambo la muhimu karibu kila mara limepigwa katikati ya kioo, jicho halihangaiki.

Mimi niliionyesha jioni moja ambayo malori mengi yalikuwa yamelala mjini, na benchi la mbele likawa la madereva na matingo wao. Sijawahi kupata watazamaji wagumu vile. Hawakushangaa miale ya moto wala yule jamaa wa gitaa. Walikuwa wanakagua gari! "Hilo tela halijafungwa." "Huyu mama anajua gia." "Subiri uone, injini inachemka, wanaimwagia maji barabarani hivyo hivyo." Furiosa, yule mama dereva, alipochomekea lori katikati ya yale majabali, mzee mmoja aliyekuwa amekunja mikono akasema kwa sauti ya chini, "Kitonga." Benchi zima likaitikia. Kila mmoja pale alishashuka miteremko ya Kitonga na Iwambi na breki za kuombea. Movi karibu yote ni kwenda na kurudi, maneno machache, maji na mafuta ndiyo mali. Mtu wa barabara ya Tunduma hahitaji kutafsiriwa. Ukiniuliza ni movi gani ya muongo huu ilikutana na watazamaji wake halali hapa kwetu, ni hii, na ni ya tatu kwenye karatasi yangu.

Zipo ambazo nitazipita haraka. The Raid ya Indonesia, 2011: askari wanaingia jengo la ghorofa, wanapanda, wanapigwa, wanapiga. Hadithi unaimaliza kwa pumzi moja, lakini ngumi zile ziliwafanya waongozaji wa Marekani waone haya. John Wick, nimesikia mtu anaitaja, 2014, mbwa. Nzuri. Watoto wa Soweto ya hapa Mbeya walianza kuwaheshimu mbwa. Fast and Furious ya saba mnaipenda kwa sababu ya marehemu Paul Walker, na kulia siyo dhambi, ila tusichanganye msiba na ubora.

Black Panther, 2018, nayo sitaikwepa. Lupita wetu wa jirani, nchi ya kubuni ya Wakanda, wanaongea Kixhosa, dola zaidi ya bilioni moja. Siku zile vijana walisalimiana kwa kukunja mikono kifuani mpaka kanisani. Ninachoipa heshima si Wakanda. Ni Killmonger, yule adui. Kwa miaka yote ya bandani sheria ilikuwa moja: steringi hafi na adui hana hoja. Hapa adui akaja na hoja, na nje ya banda watu wakagawanyika, wengine wakasema waziwazi kwamba steringi, T'Challa, ameshinda ngumi lakini mjadala ameshindwa. Hilo lilikuwa jipya. Lakini mapigano ya mwisho yale ya kompyuta, mle kwenye reli ya chini, niliona mabega yanashuka. Siwezi kuyasahau mabega yale. Kwangu haiingii tano bora, na anayetaka kunirushia kitu arushe sasa.

(Kelele.)

Basi, basi. Mtapewa muda.

Baahubali nayo ina kesi ya pekee. Ya kwanza ilitoka Julai 2015, ikaisha pale Kattappa, mlinzi wa ukoo wa kifalme, anapokiri kwamba ndiye aliyemuua Baahubali. Kwa nini? Hawasemi. Ya pili ikatoka Aprili 2017. Karibu miaka miwili, India nzima inaulizana, na Mwanjelwa nako tunaulizana! Fundi wa viatu jirani yangu alikuwa na jibu lake, mama ntilie ana la kwake, na walikuwa hawasalimiani vizuri kwa ajili hiyo. Sisi tuliiita ya Kihindi, kumbe wenyewe waliipiga kwa Kitelugu na Kitamil. Hapa ndipo penye kipimo changu cha pili, baada ya migongo. Movi nzuri inaisha, unawasha taa, watu wanatoka. Mwezi wa saba Mbeya mnaujua, ukisimama nje saa nne usiku bila koti unaadhibiwa. Mimi nilikuwa nahesabu waliobaki nje kwenye baridi ile wakibishana wakati mimi nafunga kufuli. Baahubali iliwaweka watu nje kwa misimu miwili. Naipa nafasi ya tano, na nazihesabu zote mbili kuwa moja.

Ya nyumbani. Hapa nitakawia kidogo kwa sababu watu wakipanga movi bora huwa wanairuka Tanzania kana kwamba hatukupiga picha yoyote. Muongo huu kwetu una jeraha mwanzoni kabisa: tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba alifariki, ana miaka 28. Mwaka mmoja nyuma yake alikuwa ametoa Devil Kingdom na Ramsey Nouah wa Nigeria. Bongo Movie ya siku zile ilikuwa ya CD, Part One na Part Two, hadithi ya saa moja inavutwa iwe saa mbili na nusu ili uuziwe mara mbili. Tuliilalamikia na tuliinunua. Nilikuwa nikiweka Kanumba, hata wale dada wasiokuja bandani walikuwa wanasimama dirishani. Baada yake soko lilipepesuka, kopi za bure zikajaa kwenye flashi, na sisi wenye mabanda hatuwezi kunawa mikono katika hilo.

Ndiyo maana T-Junction ya Amil Shivji ilinikuta nimeshakata tamaa. Ilifungua tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, mwaka 2017. Binti amefiwa na baba ambaye hawakuwa karibu, anakwenda hospitali, anakutana na Maria, na Maria anaanza kumsimulia maisha ya watu wa kijiwe kimoja kwenye njia panda. Wauza vitu, wapiga soga, watu ambao jiji likitaka kupanua barabara linawafuta kwa asubuhi moja. Si movi ya ngumi. Hakuna anayejitoa kafara kwa mapenzi wala mchawi. Lakini maongezi yale! Watu wanatupiana maneno kama tunavyotupiana Sokomatola, hakuna anayesoma karatasi. Tatizo ni kwamba humu ndani nikiomba walioiona wanyooshe mikono... haya, hebu nyoosheni. Mnaona. Mikono haifiki kumi. Iko kwenye karatasi yangu nafasi ya nne, na najua itashindwa leo. Imeshindwa kabla ya kura kwa sababu haikupata benchi la kukaa Nyanda za Juu Kusini. Movi ya Korea ilitufikia kwa flashi ndani ya miezi michache. Ya Dar es Salaam haikutufikia. Wenye kusambaza filamu mkisikia hili, barabara ya lami ipo mpaka Tunduma, na reli ipo. Vuta N'Kuvute, ya mwongozaji huyo huyo, ni ya 2021, itasubiri kura ijayo, na nawaomba safari hii tuiangalie kwanza ndipo tuihukumu.

Namba moja. Parasite, 2019, ya yule yule Bong Joon-ho wa kizuizi cha inchi moja. Ilichukua tuzo kubwa ya Cannes, kisha Februari 2020 ikachukua Oscar nne, ikawa movi ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupewa ile ya movi bora. Lakini hayo ni makombe. Mimi naongelea mvua.

Familia masikini inakaa nyumba ya nusu chini ya ardhi, dirisha liko usawa wa barabara, walevi wanakojoa mbele yake. Wanajipenyeza kwa ujanja kwenye nyumba ya tajiri, mmoja mmoja: mwalimu, dereva, mpishi. Usiku mmoja mvua kubwa inanyesha. Wanatoroka nyumba ya juu, na kamera inawafuata wanashuka ngazi, wanashuka tena, wanashuka tena, maji yanashuka nao, mpaka wanafika kwao na kukuta maji machafu yamefika kifuani. Wanalala kwenye ukumbi wa michezo na waathirika wengine. Asubuhi yake yule mke wa tajiri yuko kwenye gari, anaongea na simu kwa furaha: mvua ya jana ni baraka, mbingu imetakata, tufanye sherehe ya mtoto. Dereva wake, ambaye nyumba yake imezama, yuko mbele anaendesha. Haongei. Anasikiliza.

Pale bandani hakuna aliyesema neno. Watu wa Mbeya wanaijua mvua. Wapo wanaoisikia juu ya bati wakavuta blanketi, na wapo wanaoamka kunyanyua magodoro. Wote wawili walikuwa kwenye benchi moja usiku ule, na nakumbuka mwanafunzi mmoja wa kutoka familia nzuri tu alivyogeuza kichwa akamtazama mwenzake wa pembeni, halafu akarudisha macho kwenye kioo haraka. Mwisho sitausema, wapo ambao hawajaiona. Nitasema tu kwamba nilifunga kufuli, nikapiga hesabu, nikafika njiani, nikarudi kuchukua flashi niliyoisahau, na bado walikuwa wamesimama nje wakibishana nani mwenye kosa katika ile nyumba. Hawakukubaliana. Kwa kipimo changu hakuna iliyoishinda.

Namalizia na namna ya kuhesabu, mwenyekiti, kwa sababu kura mbaya inaweza kuharibu mjadala mzuri. Pale Oscar, movi bora wanaihesabu kwa kupanga: unaandika ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Yenye kura chache inatolewa, karatasi zake zinahamia kwa chaguo linalofuata, mpaka moja inavuka nusu. Njia hiyo inaipendelea movi ambayo watu wengi hawaichukii. Sight and Sound wao kila mtu anataja kumi, hakuna ya kwanza wala ya mwisho, wanahesabu tu imetajwa mara ngapi. Na hata ukiwa na njia nzuri, mikono nayo itulie: Februari 2017 mbele ya dunia nzima walitangaza La La Land, watu wakapanda jukwaani, wakashukuru mama zao, ndipo ikaonekana bahasha siyo yenyewe, na mshindi ni Moonlight.

Napendekeza tufuate ya Sight and Sound, ila tano badala ya kumi. Kila movi uliyoandika, ongeza maneno matatu pembeni: wapi, lini, na kwa sauti ya nani. Bandani, 2018, imetafsiriwa. Saluni, 2016, bila tafsiri. Tukimaliza kuhesabu tuzisome na zile za pembeni kwa sauti, kwa makundi, tuone saluni imempa nani, banda limempa nani, na mabweni yamempa nani. Huenda tukapata namba moja tatu. Sina shida na hilo.

Yule dada aliyenisimamisha nje nimemwombea kwa mwenyekiti awe wa kwanza kuongea, dakika tano. Amesema ana movi ambayo hakuna mwanaume humu aliyeiona. Dada, karibu maiki. Karatasi zianzie kwa hawa wa Tunduma, kabla hawajafungua mlango.